Jinsi Moyo Ulivyofundishwa

Weka vidole viwili vya mkono wako wa kuume juu ya kifundo cha mkono wa kushoto, upande wa kidole gumba, kisha utulie. Utasikia mpigo. Umekuwa nao tangu kabla hujazaliwa, na kila binadamu aliyepata kuishi duniani alikuwa nao, mfalme na mchunga mbuzi sawasawa. Ni vitu vichache mwilini vilivyo karibu na mtu kuliko mpigo huu. Hata hivyo, msomaji, kwa muda wa miaka 1400 wasomi wa uganga walifundisha habari zake visivyo, na wanafunzi wao wakaandika, wakakariri, wakafaulu, wakatoka kwenda kuwafundisha wengine makosa yale yale.

Nataka kukupa historia ya somo hili moja: moyo, mishipa ya damu na magonjwa yake, na jinsi lilivyofundishwa kwa watu ambao kazi yao ni kukaa karibu na mgonjwa. Sitakutajia kila tabibu, maana ni wengi; nimekuchagulia wachache ambao mikononi mwao somo liligeuka. Mimi ni mwalimu wala si tabibu, na jambo hili nalitazama kwa jicho la mwalimu: ni nani aliyekuwa akisema, ni nani aliyekuwa akisikiliza, na ni nani kati yao aliyegusa.

Hapana budi tuanze na Galen, Myunani aliyezaliwa mwaka 129 katika mji wa Pergamon, ulio katika nchi ya Uturuki ya leo. Alianza kazi kwa kuwatibu watu waliopigana kwa silaha mbele ya watazamaji, akaona majeraha mengi. Baadaye akaenda Rumi, akawa tabibu wa wafalme. Usimdharau. Zamani zake wako waliodhani kuwa ateri, yaani mishipa itokayo moyoni, imejaa hewa. Yeye alionyesha kuwa imejaa damu. Lakini hakupasua maiti za watu. Alipasua nyani, nguruwe na wanyama wengine, na pale macho yalipokoma akaendelea kwa kukisia. Alifundisha kuwa ini hutengeneza damu kwa chakula tunachokula, na damu hiyo huenda mwilini ikanywewa na viungo kama maji ya mfereji yanavyonywewa na shamba. Haikuwa na safari ya kurudi. Alihitaji pia njia ya kuipitisha damu kidogo kutoka upande wa kuume wa moyo hadi upande wa kushoto, na kwa kuwa kati ya pande hizo pana ukuta mnene wa nyama, akasema kwamba ukuta huo una vitundu vidogo visivyoonekana.

Vitundu visivyoonekana! Fikiri jinsi ilivyo vigumu kumpinga mwalimu asemaye kwamba kitu kipo ila hakionekani. Katika vyuo vya Ulaya vya zama za kati somo la mwili wa mtu lilifanywa hivi: mwalimu aliketi juu ya kiti kirefu akisoma kitabu kwa Kilatini, chini yake kinyozi, ambaye ndiye aliyekuwa na kisu, alipasua maiti, na mtu wa tatu akaonyesha kwa fimbo kile kilichokuwa kikisomwa. Msomaji hakugusa, na aliyegusa hakuulizwa. Ikiwa nyama haikukubaliana na kitabu, kosa lilihesabiwa kuwa la nyama.

Andreas Vesalius, aliyefundisha katika mji wa Padua, Italia, alishuka kitini akashika kisu mwenyewe. Kitabu chake kikubwa cha mwaka 1543 kilisahihisha makosa mengi ya Galen. Kuhusu vile vitundu alisema kwa hadhari mwanzoni. Katika chapa ya mwaka 1555 alisema waziwazi zaidi kwamba haoni jinsi damu iwezavyo kupita katika ukuta ule.

Lakini zaidi ya miaka 300 kabla ya Vesalius, mbali na Padua, mtu mwingine alikuwa amekwisha kulisema jambo hili bila kusitasita. Huyu ni Ibn al-Nafis, tabibu aliyezaliwa karibu na Dameski akafanya kazi Kairo, ambako alifariki mwaka 1288. Mwaka 1242 aliandika sherehe ya sehemu za kitabu cha Ibn Sina zinazoeleza viungo vya mwili. Humo alisema kwamba ukuta wa kati ya pande mbili za moyo ni mzito, hauna tundu linaloonekana wala lisiloonekana. Damu haina budi kwenda mapafuni, ikachanganyika na hewa, na kurudi upande wa kushoto wa moyo. Hivyo ndivyo ilivyo kweli. Basi kwa nini dunia haikumfuata? Kitabu chake kilikaa katika maktaba, na somo la kawaida likaendelea kama kwamba hakikuandikwa. Mwaka 1924 tabibu wa Misri aitwaye Muhyi al-Din al-Tatawi, aliyekuwa akisoma Ujerumani, aliukuta mswada wake katika maktaba ya Berlin akautangaza habari zake. Karibu miaka 700 ilikuwa imepita. Nikiwaza habari hii mimi huwaza pia juu ya mambo mangapi ya kweli yaliyolala katika kabati za shule zetu.

Sasa tunafika kwa William Harvey, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu alichofanya unaweza kukifanya wewe. Harvey alizaliwa Folkestone, Uingereza, mwaka 1578. Alikwenda Padua, akafundishwa na Fabricius, mwalimu aliyewaonyesha wanafunzi wake kwamba ndani ya vena, yaani mishipa irudishayo damu moyoni, mna vilango vidogo vidogo. Fabricius aliviona vilango akafikiri kazi yake ni kuipunguzia damu mwendo isije ikalundikana miguuni. Mwanafunzi aliviona vilango vile vile akajiuliza: mbona vyote vinafunguka kuelekea moyoni?

Harvey alirudi London akawa tabibu wa hospitali ya St Bartholomew, na tangu mwaka 1616 akawa akitoa mihadhara ya viungo vya mwili kwa matabibu wenzake. Alipasua wanyama wengi wenye uhai na wafu, nyoka na samaki miongoni mwao, kwa kuwa moyo wao hupiga polepole na mtu huweza kuona mpigo unaanzia wapi. Kisha akafanya hesabu. Hesabu yenyewe si ngumu. Mtoto wa darasa la nne ataiweza. Alikadiria kwamba katika nusu saa moyo hupiga mara 1000 na zaidi. Sema kila pigo linatoa damu ya gramu 15 tu, ambayo ni kidogo sana. Katika nusu saa zitakuwa kilo 15. Ni chakula gani alichokula mtu asubuhi kiwezacho kugeuzwa kuwa kilo 15 za damu kwa nusu saa, na nusu saa ifuatayo kilo 15 nyingine? Tena ukimchinja kondoo ukakinga damu yake yote hutapata kiasi hicho. Leo tunajua kwamba moyo wa mtu mzima aliyetulia hutoa kiasi cha lita 5 kila dakika, na damu yote iliyo mwilini mwake ni kiasi hicho hicho. Basi jibu ni moja: damu ni ile ile, nayo inazunguka.

Jaribio lake la mkono liko hivi. Mtafute mtu mwembamba ambaye mishipa ya mkono wake inaonekana. Mfunge kitambaa juu ya kiwiko, si kwa kukaza sana wala kwa muda mrefu. Vena zitavimba, na utaona juu yake vinundu hapa na pale. Hivyo ni vile vilango. Bonyeza vena kwa kidole kimoja chini ya kinundu, na kwa kidole cha pili isukume damu kuelekea begani mpaka ipite kinundu kile, kisha uondoe kidole cha pili. Sehemu ya mshipa iliyo kati ya kidole na kinundu itabaki tupu. Damu iliyo juu haikubali kurudi. Inua kidole cha kwanza, na papo hapo mshipa utajaa kutoka chini. Hakuna Kilatini katika jaribio hili.

Kitabu chake kilitolewa Frankfurt mwaka 1628. Yasemekana kwamba baada ya kukitoa wagonjwa wake walipungua, kwa sababu watu walimdhania kuwa ameingiwa na wazimu. Jambo moja hakuliona: njia ambayo damu hupita kutoka ateri hadi vena. Aliamini kuwa ipo, akafariki mwaka 1657 bila kuiona. Mwaka 1661 Marcello Malpighi, kwa hadubini, aliiona katika pafu la chura: mishipa myembamba kama nywele, na myembamba zaidi. Hivyo Harvey naye alikuwa na njia yake isiyoonekana, kama Galen! Tofauti yao, kwa maoni yangu, ni kwamba Harvey alilazimishwa na hesabu, na Galen alilazimishwa na haja ya kukamilisha maelezo.

Kujua kwamba damu inazunguka ni jambo moja; kujua kwamba mzunguko wa mtu huyu aliyelala mbele yako umeharibika ni jambo jingine. Miaka mingi ilipita kabla ya elimu hii kumfaa mgonjwa. Mwaka 1733 kasisi wa Kiingereza, Stephen Hales, alitangaza kuwa ametia bomba katika ateri ya farasi jike na kuliunga na kioo kirefu kilichosimama wima. Damu ilipanda zaidi ya futi 8. Ndiyo mara ya kwanza nguvu ya damu kupimwa, lakini ni wazi kwamba mgonjwa hawezi kupimwa namna hiyo. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker mjini Paris, René Laennec aliletewa mwanamke kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Aliona haya kuweka sikio lake juu ya kifua cha msichana. Akakunja karatasi kuwa kama bomba, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni, akasikia moyo wazi kuliko alivyopata kuusikia maishani mwake. Baadaye alitengeneza bomba la mti. Hicho ndicho babu wa kile chombo anachovaa tabibu shingoni. Laennec alisikiliza walio hai, na walipofariki alifungua vifua vyao ili aone sauti ile ilikuwa ya nini. Wanafunzi wake wakajifunza kuusoma moyo kwa masikio.

Kisha ukaja ukanda. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Italia alitengeneza mfuko wa mpira wa kuzungushwa mkononi, ukatiwa upepo, na nguvu yake ikasomwa kwa urefu wa zebaki katika kioo. Alipapasa mpigo kwa kidole, na pale ulipopotea akasoma namba. Namba ya pili hakuweza kuipata. Mwaka 1905 tabibu kijana wa jeshi la Urusi, Nikolai Korotkov, aliwaeleza wenzake huko St Petersburg kwamba ukiweka chombo cha kusikilizia juu ya ateri, chini ya ukanda, wakati upepo unapotolewa polepole, utasikia kwanza kimya, halafu sauti za kugonga, halafu kimya tena. Sauti ya kwanza huonyesha nguvu ya damu moyo unapokaza. Sauti inapotoweka huonyesha nguvu ya damu moyo unapolegea. Basi ukisikia mtu anaambiwa kuwa ana 120 kwa 80, hizo ndizo namba za Korotkov, katika milimita za zebaki.

Na mwuguzi je? Florence Nightingale alifungua shule yake katika hospitali ya St Thomas, London, mwaka 1860, na shule za namna hiyo zikaenea. Mwanafunzi alifundishwa usafi, chakula, hewa safi, na zaidi ya yote kumtazama mgonjwa na kutoa habari zake kwa usahihi. Mpigo aliuhesabu yeye. Lakini chombo cha kusikilizia moyo na ukanda wa kupimia damu vilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa mali ya tabibu, na viliingia mikononi mwa mwuguzi polepole, kazi ilipozidi. Maana yake ni kwamba katika wodi palikuwa na mtu mmoja aliyekuwapo usiku kucha bila kufundishwa, na mwingine aliyefundishwa ambaye hakuwapo. Ni kile kile kiti kirefu cha Padua, isipokuwa kinyozi sasa amevaa kofia nyeupe.

Ugonjwa mmoja ulikivunja kiti hicho. Mishipa iulishayo moyo wenyewe inapozibwa, sehemu ya moyo hufa, na hili ndilo shambulio la moyo. Wengi waliofika hospitali wakiwa hai walifia humo humo katika siku za kwanza, kwa sababu moyo uliojeruhiwa ulipoteza mwendo wake ukaanza kutetemeka bila kusukuma damu. Dawa ya mtetemeko huo ilikuwa imekwisha kupatikana: mwaka 1956 Paul Zoll wa Boston alionyesha kuwa moyo waweza kurudishwa kwa mshtuko wa umeme uliopitishwa juu ya kifua, na mwaka 1960 William Kouwenhoven na wenzake wa Baltimore wakaandika jinsi ya kusukuma damu kwa kubonyeza kifua kwa mikono. Lakini ubongo usiopata damu huanza kuharibika katika dakika chache. Tabibu alikuwa nyumbani amelala; mwuguzi alikuwa hatua 5 kutoka kitandani.

Mwaka 1962 zilifunguliwa Marekani wodi za kwanza za namna mpya, moja katika Kansas City chini ya Hughes Day na nyingine Philadelphia chini ya Lawrence Meltzer. Wagonjwa wa moyo waliwekwa mahali pamoja, mioyo yao ikiandikwa na mashine mchana na usiku. Kule Philadelphia Meltzer alifanya kazi pamoja na mwuguzi Rose Pinneo, na jambo kubwa walilofanya halikuwa mashine bali darasa. Waliwafundisha wauguzi kuusoma mstari wa umeme wa moyo, kuutambua mwendo wa hatari kabla haujaua, na, ulipotokea ule mtetemeko, kutoa mshtuko wa umeme bila kumngoja tabibu. Wako waliosema kwamba wauguzi hawataweza, na wengine kwamba hata wakiweza haifai. Mwaka 1965 Meltzer na Pinneo na wenzao walitoa kitabu cha kufundishia wauguzi kazi hii, na kikatumika katika nchi nyingi. Mashine bila mtu mwenye kuisoma ni pambo; hili waliligundua mapema, na kila hospitali inunuayo mashine kabla ya kufundisha watu hulazimika kuligundua upya.

Sasa turudi kwetu, maana nasi tulikuwa na somo letu la makosa, na lilitugharimu.

Mafunzo ya uganga wa kisasa yalianza kidogo kidogo Afrika Mashariki. Hospitali ya Mengo, Uganda, ilianzishwa na Albert Cook mwaka 1897. Makerere ilianza kufundisha uganga katika miaka ya 1920. Na mafunzo yaliyoanzishwa Nairobi mwaka 1927 yalikua mpaka yakawa Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, ambacho leo kina matawi katika sehemu nyingi za nchi. Wanafunzi wa kwanza walifundishwa kufunga vidonda, kupiga sindano, kupima malaria, na kuzuia tauni na ndui. Magonjwa ya moyo hayakupewa nafasi kubwa, na sababu moja yaonekana katika makala iliyotolewa London mwaka 1929.

Makala hiyo iliandikwa na C. P. Donnison, tabibu wa serikali aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo ya Kusini, katika sehemu ya Kenya iliyo karibu na Ziwa Viktoria. Alipima nguvu ya damu ya watu 1000. Aliona kwamba kwa vijana ilikuwa sawa na ya Wazungu, lakini baada ya umri wa miaka 40 haikupanda kama ya Wazungu ilivyopanda, ilielekea kushuka. Na miongoni mwa wagonjwa kiasi cha 1800 waliolazwa katika hospitali yake kwa miaka miwili hakuonekana hata mmoja mwenye shinikizo kubwa la damu. Sina sababu ya kuzishuku namba zake. Alikuwa na ukanda, alipima, aliandika alichokiona. Alifanya kama Harvey. Yeye mwenyewe aliona kwamba sababu iko katika maisha ya watu, na mwaka 1937 alitoa kitabu kuhusu ustaarabu na magonjwa.

Lakini angalia jinsi somo linavyobadilika linapopita mdomo kwa mdomo. "Watu hawa, wanaoishi hivi, hawana shinikizo kubwa la damu" ni maneno ya mpimaji. "Mwafrika hana shinikizo la damu" ni maneno ya mkariri. Katika sentensi ya kwanza kuna mahali, wakati na namna ya kuishi. Katika ya pili hivyo vyote vimeanguka, imebaki rangi ya ngozi. Na mwanafunzi akiisha kufundishwa sentensi ya pili, kwa nini ajisumbue kuufunga ukanda mkononi mwa mzee anayelalamika maumivu ya kichwa? Ugonjwa huu una hila moja: aghalabu hauumi. Mtu hulima, hucheka, huoa, na mishipa yake inaumia kimya kimya mpaka siku ya kiharusi, au siku figo zinapokoma. Usipopima huuoni, na usipouona unazidi kusadiki kwamba haupo. Galen angelielewa vizuri sana jambo hili.

Waliolirudisha somo hili kwenye njia walikuwa wapimaji tena. Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30, aliishi hata akaona magonjwa haya yakitokea mahali ambapo hayakuwapo. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika katika jarida la matabibu la Afrika Mashariki habari ya Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, na jambo lenyewe lilikuwa geni hata mgonjwa mmoja akastahili makala. A. G. Shaper wa Makerere alikwenda kaskazini mwa Kenya akawapima Wasamburu, wafugaji walioishi zaidi kwa maziwa. Damu yao haikupanda nguvu kwa umri. Kisha yeye na wenzake wakawapima vijana wa Kisamburu walioandikwa jeshini, ambao chakula chao kilikuwa kingine na chumvi yao nyingi zaidi. Makala ya mwaka 1969 ilionyesha kwamba nguvu ya damu yao ilikuwa imepanda. Ngozi ni ile ile, ukoo ni ule ule, mizimu ni ile ile. Kilichobadilika ni sahani.

Jaribio lililo zuri kuliko yote, kwa maoni yangu, lilitolewa mwaka 1990 na Neil Poulter na wenzake. Waliwafuata Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya, si mbali na mahali alipopimia Donnison miaka 60 kabla, wakaenda Nairobi kutafuta kazi. Na wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Nguvu ya damu ya waliohama ilianza kupanda mapema, si baada ya miaka mingi bali ndani ya muda mfupi tangu washuke katika basi. Uzito wao ulizidi, mpigo wao ukawa wa kasi zaidi, na mkojo wao ulionyesha kwamba walikula chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo, ile ipatikanayo katika matunda, mboga na viazi.

Lakini lisikupite jambo la pili, ambalo vitabu vilivyoandikwa Ulaya havikulitilia nguvu ya kutosha. Wakati tulipoambiwa kwamba hatuna magonjwa ya moyo ya Wazungu, tulikuwa na ya kwetu. Mwaka 1948 J. N. P. Davies wa Makerere alieleza ugonjwa ambao ngozi ya ndani ya moyo huwa nene na ngumu kama kovu, hata chumba cha moyo kisiweze kujaa. Sababu yake haijathibitishwa mpaka leo. Na upo mwingine, unaowapata hasa watoto wa umri wa miaka 5 hadi 15, yaani wewe na wadogo zako. Huanza kwa maumivu ya koo yanayoletwa na vijidudu fulani. Koo hupona, lakini kwa baadhi ya watoto ile kinga ya mwili iliyopigana na vijidudu hugeuka ikashambulia viungo vya mifupa na vilango vya moyo. Hiyo ni homa ya baridi yabisi. Magoti huvimba kisha yakapoa. Vilango vya moyo hubaki na makovu, na kila homa mpya huongeza kovu. Msichana huyu huonekana mzima mpaka atakapobeba mimba, ndipo moyo wake unaposhindwa na kazi ya watu wawili. Penisilini hutibu lile koo, na mtoto aliyekwisha kupata homa hupigwa sindano yake kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi ili isirudi. Tiba hii ni ya bei ndogo. Inachohitaji ni mtu katika zahanati ya kijijini aliyefundishwa kwamba koo la mtoto ni habari ya moyo, na mtu huyo karibu daima ni mwuguzi au tabibu msaidizi.

Uchunguzi wa taifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba kiasi cha mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo kubwa la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa hata mara moja maishani mwao. Kwa hiyo mwanafunzi wa uuguzi wa siku hizi huanza mapema kufunga ukanda, kwanza juu ya mkono wa mwenzake, kabla hajaruhusiwa kumgusa mgonjwa. Hufundishwa kumketisha mtu dakika 5 bila mazungumzo, mgongo umeegemezwa, miguu chini haikupishanishwa, mkono umewekwa juu ya meza sawa na kimo cha moyo. Hufundishwa kwamba ukanda mwembamba juu ya mkono mnene huongeza namba isiyokuwapo, kwamba kipimo kimoja hakitoshi, na kwamba aandike namba aliyoisikia, si ile aliyoitazamia.